Nabana matumizi hadi watoto wananikwepa, na bado mshahara haufiki mwisho wa mwezi

SWALI

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mke na mama wa watoto watatu. Mkubwa ana miaka 14, wa mwisho ana sita. Tunaishi na mama mkwe wangu, ambaye ana kisukari na anajidunga insulini. Mume wangu ana kazi, ila mwaka huu kazini kwao wamefuta malipo ya saa za ziada, kwa hiyo kipato cha nyumba kimeshuka kwa karibu robo. Mimi nashona nguo hapa nyumbani. Kinachopatikana ni kidogo, na kuna miezi hakipatikani kabisa.

Mambo yalipoanza kubana nilimwomba mume wangu aniachie mimi pesa za matumizi. Alikubali bila ubishi, nami nikaanza kukaza. Nimepiga marufuku kuchaji simu usiku kucha. Taa ya sebuleni inazimwa saa mbili usiku, na watoto wanamalizia kusoma jikoni ambako taa inawaka tayari. Friji naizima tukienda kulala, naiwasha asubuhi. Maji ya kuoga nimeyawekea kipimo: ndoo moja ya lita 20 kwa kila mtu, na tunayapasha kwa ile hita ya kutumbukiza ndani ya ndoo. Maharage nikiona yameanza kulainika nazima gesi, yamalizikie kwa joto la sufuria. Mafuta, sukari na sabuni nanunua vipakiti vya siku moja moja, ili ndani pasiwe na kitu cha kuchezewa.

Pamoja na yote hayo, mshauri, hela inakwisha siku kumi kabla ya mshahara. Siku hizo kumi tunaishi kwa kukopa dukani. Mwenye duka hatutozi riba, ila vitu vya mkopo anavipandisha kidogo, kama sehemu moja ya kumi juu ya bei ya taslimu. Mshahara ukitoka tunaanza kwa kumlipa yeye, kwa hiyo mwezi mpya unaanza ukiwa umeshaliwa.

Amani imepungua nyumbani. Mtoto wangu mkubwa anakwenda kuchaji simu kwa jirani na anarudi usiku. Mama mkwe haniambii kitu, lakini nilimsikia akimweleza ndugu yake kwenye simu kwamba siku hizi anaogopa hata kufungua bomba. Mume wangu amenitamkia kwamba nimegeuka askari wa nyumba. Neno hilo liliniuma sana, kwa sababu mimi ndiye ninayejinyima kuliko wote.

Sasa tuna mawazo mawili yanayogongana. Yeye anataka tuhamie nje kidogo ya mji, kwenye nyumba ambayo kodi yake ni pungufu kwa theluthi moja. Mimi naona tuchukue mkopo wa miezi mitatu, tununue vyakula na sabuni kwa bei ya jumla, tuachane na vipakiti. Riba ya mkopo huo ni asilimia 10 kwa mwezi.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Katika kubana huku nimejiwekea akiba ambayo mume wangu haijui. Inakaribia kiasi tunachokopa dukani kwa mwezi mmoja. Nimeificha kwa sababu naamini nikimwambia itaishia kwa ndugu zake, na pia naogopa siku mmoja wetu akiugua tukose pa kushika. Lakini kila ninaposimama pale dukani kukopa huku nikijua ndani nina pesa, najiona mwongo. Nimwambie? Tuhame? Tukope? Na je, kuna pengine pa kubana ambapo sijapaona?

Mama Watatu
(Jina limehifadhiwa)

JIBU

Marahaba mwanangu,

Kipato kimeshuka, mzigo umeubeba wewe, na kadiri unavyokaza ndivyo watu wako wanavyokuwa mbali nawe, huku siku kumi za mwisho wa mwezi zikibaki palepale. Pole sana. Umeuliza kuhusu akiba, kuhama na mkopo, na nitafika kote huko. Lakini kuna mambo mawili katika barua yako ambayo hayawezi kungoja, na nayaweka mbele.

La kwanza ni friji. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi muda wote, usiku na mchana. Friji iliyozimwa, mlango ukibaki umefungwa, hushikilia ubaridi wa kutosha kwa takribani saa 4, na nyinyi mnalala zaidi ya hapo. Insulini iliyoharibiwa na joto mara nyingi haibadiliki rangi wala harufu. Inapoteza nguvu kimyakimya, sukari ya mama inapanda, na mnaweza kudhani ni chakula au dozi. Ile iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi, inaweza kukaa nje ya friji mahali pasipo joto kali kwa takribani wiki nne. Karatasi iliyomo ndani ya boksi ndiyo inayosema kikomo cha joto na cha siku kwa aina anayotumia mama. Basi leo washa friji na uiache iwake. Kisha mpelekeeni mfamasia au daktari wake habari hii, mwambieni wazi kwamba friji imekuwa ikizimwa usiku, aamue kama dawa iliyopo bado inafaa. Msiisogeze karibu na barafu, kwa sababu insulini ikiganda nayo imeharibika.

Na kubana kwenyewe hapo ni kudogo kuliko unavyodhani. Joto lililoingia usiku lazima litolewe asubuhi, na friji inafanya kazi hiyo kwa kuunguruma muda mrefu mfululizo. Umeme wa friji unapungua kwa njia nyingine. Bana karatasi kwenye mlango kisha ivute: ikitoka bila kukaza, mpira wa mlango umelegea au una uchafu. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uukaushe, ujaribu tena kuzunguka pande zote nne. Chomoa plagi, futa vumbi kwenye nyaya nyeusi za nyuma, na uiache nafasi ya kiganja kutoka ukutani ili joto lipate pa kutokea. Barafu ikijijenga unene wa kidole kwenye kuta za ndani, iyeyushwe, bila kuikwangua kwa kisu. Siku hiyo tafuteni mahali penye baridi pa kuhifadhi dawa ya mama.

La pili ni maharage. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo inakufa kwa kuchemka kwelikweli, si kwa kukaa kwenye joto la wastani. Yakiivia kwa joto dogo muda mrefu yanaweza kulainika na sumu ikabaki, na matokeo yake ni kutapika na kuhara. Usiache kubana gesi hapo, ila badilisha mpango. Yaloweke kwa saa 8 hadi 12, mwaga maji ya kulowekea, weka mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili, halafu ndipo upunguze moto na kufunika. Maji yakishachemka hayazidi nyuzi 100 hata ufungue gesi yote, kwa hiyo moto mkubwa baada ya hapo unazalisha mvuke tu. Kama mna sufuria la presha, litumie kwa vyakula vigumu. Ndani yake joto linafika karibu nyuzi 120, na muda wa kupika unakatika sana.

Sasa nikuulize jambo kwa upole. Ulipopanga makatazo yako, ulijuaje kwamba chaja na taa ndizo zinazokula umeme? Naona umechukua vitu vinavyoonekana. Taa inaonekana, simu kwenye chaja inaonekana, kwa hiyo ndivyo vinavyogombewa. Hebu tupige hesabu. Betri ya simu ya kisasa inabeba wati-saa 15 hadi 20. Ukijumlisha na kinachopotea kwenye chaja, uniti moja ya umeme (wati-saa 1000) inaijaza simu mara 40 hivi. Balbu ya LED ya wati 9 inawaka saa 110 kwa uniti moja. (Kama sebuleni bado kuna balbu ya zamani ya wati 60, hiyo inamaliza uniti kwa saa zisizozidi 17, na dawa yake ni kuibadilisha, watoto wakae na mwanga.)

Halafu tazama ndoo. Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji wati-saa 1.16. Ndoo ya lita 20, ikitoka nyuzi 20 hadi 45, inakula karibu uniti 0.6. Nyumbani mko sita. Hiyo ni uniti 3.5 kila asubuhi, umeme wa kuchaji simu mara 140. Mwanao anakwenda kwa jirani usiku kwa ajili ya kitu ambacho gharama yake kwenye mita ni ndogo mno, na ndoo uliyoiweka kama kipimo cha kubana ndiyo inayobeba bili. Sikulaumu. Ndoo moja kwa mtu inasikika kama uchumi, na kwa upande wa maji ni kweli. Kwa upande wa umeme, kinachohesabiwa ni lita zilizopashwa na nyuzi zilizopandishwa.

Mkipasha lita 10 kwa mtu badala ya 20, umeme huo unakatika nusu, na kwa kopo la kujimwagia lita 10 zinatosha kuoga vizuri. Watoto wanaoweza kuoga mchana maji yakiwa hayana ubaridi wa asubuhi, waoge mchana. Madumu meusi yakiachwa juani yanapata uvuguvugu bila umeme wowote. Zimeni hita maji yanapofikia joto la kuogea, si yanapochemka, na ndoo ya mtu ipashwe akiwa yuko tayari, maana maji yanayosubiri yanapoa na umeme wenu umekwenda hewani. Mama mkwe asiguswe katika hili, apate maji yake ya moto. Tena hita hizo zimeua watu: plagi ichomolewe kwanza ndipo mkono uingie majini, na chuma kisiguse ukuta wa ndoo ya plastiki wala kisibaki nje ya maji kikiwa na umeme.

Usiamini hesabu zangu peke yake, pima kwako. Mita nyingi za siku hizi zina kitaa chekundu kinachomweka, na pembeni pameandikwa idadi ya mimweko kwa uniti moja, mara nyingi 1000. Zima kila kitu isipokuwa kifaa unachokipima, hesabu mimweko ya dakika moja, zidisha kwa 60, gawanya kwa namba ile iliyoandikwa. Mimweko 10 kwa dakika kwenye mita ya 1000 ni uniti 0.6 kwa saa. Kazi hii mpe yule wa miaka 14. Kijana akijua mwenyewe kwamba pasi inakula kiasi gani na simu inakula kiasi gani, mazungumzo yenu yatakuwa ya aina nyingine. Na kama kila kitu kimezimwa na kitaa bado kinamweka, kuna kitu mmesahau au kuna waya wa kukaguliwa na fundi.

Gesi nayo ina mizani yake. Kwenye mtungi pamegongwa uzito wake ukiwa mtupu. Upime mzima kwenye mizani, toa uzito mtupu, utapata kilo za gesi zilizobaki. Ukipima kila wiki siku ileile utajua kama wiki ya kuloweka na kufunika imepunguza chochote, na pia utajua kama mtungi ulioletwa umejaa kweli. Moto uwe wa buluu. Ukiwa wa njano na sufuria zinashika masizi, kichwa cha jiko kimeziba, na gesi haiungui yote: kitoe kikiwa kimepoa, kisugue kwa brashi, zibua matundu kwa sindano, kikauke kabla ya kurudisha.

Maji sitakaa nayo sana, ila kabla ya kumhesabia mtu lita za kuoga hakikisha nyumba haivuji. Soma mita ya maji usiku watu wakilala, isome tena kabla ya mtu kufungua bomba. Ikiwa imesogea, mtuhumiwa wa kwanza ni choo: tia rangi ya chakula kwenye tangi lake, usiflashi kwa nusu saa, na rangi ikitokea bakulini mpira wa chini hauzibi. Bomba linalodondosha ni kazi ya washa ya mpira. Funga koki kuu, fungua bomba maji yaishe, legeza nati ya juu, chomoa kile chuma cha katikati, badilisha washa kwa nyingine ya kipenyo kilekile. Mpya ikiharibika upesi, pale inapokalia ndani ya bomba pana mikwaruzo, na kukaza kwa nguvu kunaimaliza haraka zaidi. Mengine ya maji yaache. Mama mkwe anayeogopa kufungua bomba anahitaji kusikia kutoka kinywani mwako kwamba hakuna anayemhesabia.

Nije kwenye vipakiti na duka, maana naona hapa ndipo hela yako inapovujia zaidi. Wazo lako la kununua kidogo ili pasiwe na cha kuchezewa lina ukweli ndani yake. Mtu akifungua dumu kubwa la mafuta, mkono wake unakuwa mwepesi. Lakini chukua kalamu: gawanya bei ya kipakiti kwa gramu zake, fanya hivyo kwa pakiti kubwa ya kitu hichohicho, uone tofauti. Andika hata kama ni kitu unachokinunua kila siku na unaamini unaijua bei yake. Kuna vitu ambavyo tofauti ni ndogo na havistahili kuhangaikia. Kuna vingine, hasa sabuni na mafuta, ambavyo mara nyingi utashtuka.

Kutoka kwenye vipakiti hakuhitaji mkopo. Chagua kitu kimoja mwezi huu, kisichooza na kisicholiwa. Ningefikiria sabuni kwanza. Sabuni ya mche ikikatwa na kuachwa ikauke penye hewa kwa wiki chache inakuwa ngumu na haiyeyuki ovyo. Sabuni ya unga pimeni kwa kijiko: povu likizidi, nguo hazitakati zaidi, mnamaliza maji kwa kusuuza tu. Kinachookolewa kwenye kitu cha kwanza kinanunua cha pili mwezi unaofuata. Mafuta yakifika zamu yake, dumu likae penye giza mbali na jiko, maana mwanga na joto huyafanya yaharibike, na jikoni ishuke chupa ndogo yenye kipimo cha wiki. Chupa hiyo inafanya kazi ya kipakiti bila bei ya kipakiti. Nafaka ya gunia mnaweza kugawana na jirani mmoja au wawili, kwa mizani, siku ileile. Iwe imekauka, punje ukiiuma ivunjike badala ya kubonyea, na chombo kijae hadi juu kisha kifungwe kisipitishe hewa, la sivyo wadudu watakula ile nafuu yote.

Ndiyo maana mkopo wa kununulia jumla unanipa wasiwasi. Tuseme bei ya jumla inakupa nafuu ya asilimia 15, na hiyo ni nafuu nzuri. Riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ukilipa deni lote mwishoni mwa mwezi wa tatu, ni asilimia 30. Ukilipa kwa mafungu matatu sawa na riba ikahesabiwa kwenye deni lililobaki tu, inakuja karibu asilimia 20. Kwa hesabu yoyote kati ya hizo unaingia hasara, na bado hatujahesabu ada za mkopo wala chakula kitakachoharibika. Tena riba hiyo ikiachwa ijizalie, baada ya miezi 12 deni linazidi mara tatu ya ulichochukua. Inawezekana bidhaa zenu zina tofauti kubwa kuliko niliyoikisia, kwa hiyo fanyeni hesabu yenu. Muulizeni mkopeshaji jambo moja: jumla ya fedha zote mtakazorudisha ni kiasi gani. Asipotaka kuitaja, hilo nalo ni jibu.

Wazo la mumeo la kuhama nalo ni hesabu kabla ya kuwa ugomvi. Chukueni nauli inayoongezeka kwa safari moja, zidisha kwa mbili, kisha kwa siku za kazi au shule katika mwezi, ambazo ni 22 hivi, kisha kwa idadi ya watakaosafiri. Mfano: nauli ya ziada ikiwa sehemu moja ya mia ya kodi ya sasa, mtu mmoja kwa mwezi anakula sehemu 44 za mia, na nafuu ya kodi ni theluthi, yaani 33. Ikiwa mumeo anakwenda kwa miguu au baiskeli, au kazi inamsafirisha, picha inageuka na kuhama kunaweza kuwa nafuu kubwa kuliko yote tuliyoyasema. Ongezeni kodi ya miezi ya mbele itakayodaiwa, usafiri wa vyombo, na wateja wako wa kushona: wangapi watakufuata huko? Kwa mama ulizeni umbali wa mahali anapopata insulini na kama umeme wa huko unakatika mara kwa mara. Mzungumze na mpangaji wa jirani kuhusu bili za maji na umeme kabla ya kuzungumza na dalali.

Sasa akiba. Hebu iangalie pamoja na deni la duka. Kila mwezi mnalipa sehemu moja ya kumi ya ziada. Kwa miezi 12 hiyo ni mkopo mzima wa mwezi mmoja na zaidi. Maana yake kiasi kama cha akiba yako yote kinakwenda kwa mwenye duka kila mwaka, na hakirudi. Njia moja ni kuizungusha. Mwezi huu, zile siku kumi zikifika, unanunua kwa taslimu kutoka kwenye akiba badala ya kukopa. Mshahara ujao ukitoka hakuna deni la kulipa, kwa hiyo kiasi kilekile kinarudi kwenye akiba siku hiyohiyo kabla ya matumizi mengine, na ile sehemu ya kumi inabaki kwako. Fedha ni ileile, inatoka na kurudi. Inavunjika pale tu unapochelewa kuirudisha hata mara moja.

Hatari yake umeitaja mwenyewe: mtu akiugua katika siku hizo kumi. Duka linakopesha sukari, hospitali huenda isikukopeshe. Kwa hiyo wengine wangezungusha nusu na kuacha nusu ya dharura, wakakubali kuendelea kukopa kidogo kwa miezi kadhaa. Ni polepole zaidi, ila unalala. Wewe ndiye unayeijua afya ya nyumba yako, hasa ya mama.

Na mume wako? Umeandika kwamba unaamini pesa zitaishia kwa ndugu zake. Nakuuliza bila kukushuku: hilo limeshatokea, au ni hofu? Huyu ni mtu aliyekukabidhi matumizi yote bila ubishi. Kama limeshatokea, hofu yako ina msingi, na huenda kinachohitajika ni fungu la ndugu liandikwe kwenye daftari na kikomo chake, ili akiombwa awe na jibu la kuwapa. Kama halijatokea, unaweza kuwa unamhukumu kwa kosa ambalo hajafanya, na yeye anajitazama kama mtu anayeshindwa kulisha nyumba wakati sivyo. Ukimwambia, unajiweka kwenye hatari ya kuulizwa kwa nini ulificha, na huenda siku hiyo isiwe nyepesi. Usipomwambia, kuna siku ataikuta, na hapo kitakachomuuma ni kwamba mama yake aliogopa bomba wakati ndani kulikuwa na pesa. Unaweza pia kumwambia ukiwa na mpango: kiasi ni hiki, nusu ni ya ugonjwa na haiguswi bila sisi wawili, nusu inatutoa dukani. Fedha yenye kazi iliyotajwa ni ngumu kuiomba kuliko fedha iliyolala. Lakini kama kuna sababu ambayo hukuiandika, kama unaogopa kupigwa au kuachwa mikono mitupu, basi hali ni nyingine kabisa. Usiharakishe kusema lolote, na mtafute mtu mzima unayemwamini uzungumze naye kwanza.

Ukiamua kuzungumza naye, nakushauri isiwe usiku ule mnaporudi kutoka kukopa. Kaeni siku mbili au tatu baada ya mshahara, ukiwa na namba za mita za wiki nzima, uzito wa mtungi, na bei za vipakiti kwa gramu. Anza kwa kumwonyesha makatazo unayoyaondoa, chaja na taa, na sababu yake, kabla hujamwomba lolote. Kisha umpe yeye kazi ya kupiga hesabu ya nauli ya nyumba mpya, kwa sababu wazo ni lake na safari atakayeifanya kila siku ni yeye.